Laini ya Rangwe na Masikio Yake Kumi na Moja

Wiki mbili kabla sijastaafu, ofisi iliniweka darasani. Vijana watatu walikuja na kompyuta nne, waya mmoja mweusi wa kuziunganisha, pamoja na ubao mweupe, wakatufundisha siku nzima maana ya mtandao. Mtandao, mmoja wao alituambia polepole kama mtu anayezungumza na mgonjwa, ni mashine mbili au zaidi zilizounganishwa ili zipashane habari. Kila mashine ina anwani yake. Kuna taratibu za kuzungumza, nazo huitwa itifaki. Ujumbe mrefu hukatwa vipande, hupita njia inayopatikana, hukusanywa upande wa pili. Mashine mbili zikisema kwa pamoja kwenye waya mmoja, ujumbe hugongana na kuharibika. Maneno hayo yote aliyaandika kwa kalamu za rangi tatu, akapiga mstari chini ya kila moja, kisha akatugeukia akisubiri tushangae.

"Mama, umeelewa?" aliniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mvi.

Nilimwambia nimeelewa. Sikumwambia kwamba nilielewa kabla yeye hajazaliwa, kwenye chumba kilichonuka nta ya mbao na mafuta ya taa, wala kwamba yule aliyenielewesha hakuwahi kuona kompyuta hata kwenye picha. Naandika haya kwa ajili ya kijana huyo na wenzake waliobaki ofisini. Hawakuniomba. Vyeo vyangu sitavieleza. Vilikuwa vichache, vilikuja vimechelewa, na wengi waliovipata haraka kuliko mimi hawakujua plagi huchomekwa upande gani.

Nilianza kazi Migori, uhuru ukiwa bado mpya. Chumba kilikuwa na dirisha moja, kiti kimoja na swichibodi. Kwa wasioijua, swichibodi ilikuwa kabati la mbao lenye matundu safu kwa safu, kila tundu la mteja mmoja, na juu ya kila tundu kibao kidogo cha chuma. Mteja akizungusha mkono wa simu huko aliko, kibao chake kilidondoka kwangu, tak. Nilichomeka plagi kwenye tundu lake nikauliza anamtaka nani, kisha nikachomeka plagi ya pili kwenye tundu la huyo anayetakwa. Vijana wangu, hiyo ndiyo swichi. Yenu ni kisanduku chenye taa za kijani, na mnakionea fahari kama mtu aliyenunua ng'ombe wa gredi. Kazi yake ni ileile niliyoifanya kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kikombe cha chai. Tofauti ni kwamba mimi nilijua pia nani amesafiri na nani amenuniana na nani, kwa hiyo sikupoteza muda kupigia nyumba isiyokuwa na mtu.

Mambo ya njia nilifundishwa na mfanyabiashara mmoja wa mahindi wa Isebania. Alitaka kuzungumza na mwenzake wa Sirare, ng'ambo ya mpaka, mwenye duka lililoonekana kutoka mlangoni kwake. Lakini waya haukuvuka mpaka pale. Simu yake ilikuja kwangu Migori, nikaisukuma Kisii, Kisii wakaipeleka Kisumu, na Kisumu wakaanza kuitafutia mahali pa kuingilia Tanzania. Kila baada ya robo saa mzee alizungusha simu kuniuliza.

"Binti, vipi?"

"Bado, mzee. Laini ya mbele ina watu."

"Mimi namwona. Anakunywa uji."

"Ngoja kidogo."

"Amemaliza uji. Sasa anaosha kikombe."

Tulipompata hatimaye, mzee aliniambia nikate, kwa sababu mwenzake alikuwa amefunga duka na alikuwa anavuka barabara kuja kwake. Nilicheka, lakini nilijifunza. Ujumbe haujali nani yuko karibu na nani. Hufuata mahali palipo na waya na mtu wa kuupokea. Kisanduku chenu mnachokiita ruta hufanya kazi ya yule opereta wa Kisumu, ila chenyewe hakiwezi kutukanwa.

Na vipande je? Mvua ikinyesha kati yetu na Kisii, laini ilichemka kama sufuria ya maharagwe. Ujumbe mrefu haukupita mzima. Nilitoa sentensi moja nikaipa namba, mwenzangu wa Kisii akairudia pamoja na namba yake, ndipo nikatoa ya pili. Akisema amepata ya tatu na ya tano, nilijua ya nne imekufa njiani, nikaituma hiyo tu. Hakuna aliyetuita wataalamu kwa kufanya hivyo. Tuliitwa wale wasichana wa simu.

Baada ya mwaka na kitu nilihamishiwa Homa Bay, na huko ndiko nilikomkuta Mzee Odera.

Odera alikuwa fundi wa laini. Alikuwa mwembamba, miguu imepinda kidogo kwa miaka mingi ya kukumbatia nguzo, na maneno aliyatoa moja moja kama mtu anayegawa sukari. Alikuwa na baiskeli, ngazi aliyoifunga ubavuni mwa baiskeli, simu ya majaribio aliyoitundika begani kwa mkanda, na gunia la betri. Tangu siku ya kwanza aliniita Nyar Migori, binti wa Migori, na baada ya wiki mji mzima ukaniita hivyo.

Hakunifundisha kwa ubao mweupe. Alinivika hedifoni, akachomeka plagi kwenye laini isiyokuwa na mazungumzo, akaniambia nisikilize. Nilimwambia hakuna kitu. Akasema, "Sikiliza tena." Asubuhi nzima tulifanya hivyo. Kufikia mchana nilikuwa najua kwamba laini inayopiga kelele kama karanga kikaangoni ina tawi linaloigusa, inayonguruma ina kikombe cha kauri, kile cha kushikia waya, kilichopasuka juu ya nguzo, na iliyo kimya kabisa imekatwa, na kama ni msimu wa arusi basi shaba yetu imeshakuwa bangili kwenye mikono ya mtu. Nimewaona vijana wa leo wakikaa mbele ya kioo cha kompyuta siku nzima wakitafuta hitilafu iliyo kwenye waya chini ya meza yao, ambao fagio liliung'oa. Odera angewachapa kwa mkanda wa simu ya majaribio.

Sasa laini ya Rangwe. Ilitoka Homa Bay ikafuata barabara hadi Rangwe na kuvuka mbele kidogo, nyaya mbili tu juu ya nguzo, na wateja kumi na wawili walining'inia juu ya nyaya hizo hizo mbili. Hakuna aliyekuwa na waya wake. Kwa hiyo kila mmoja alipewa mlio. Mama Dorka, mwenye duka pale sokoni Rangwe, alikuwa mlio mrefu mmoja na mifupi miwili. Mwenye kinu cha posho, mrefu mmoja na mfupi mmoja. Mwalimu mkuu, mifupi minne. Katekista Zablon, mirefu mitatu. Kengele ililia katika nyumba zote kumi na mbili, kila nyumba ikasikia kila mlio, na ilitakiwa ipuuze usio wake. Hizo ndizo anwani. Mlio usiokatika ulikuwa wa wote kwa pamoja, kama siku ya chanjo ya ng'ombe, na huo ndio mnaouita tangazo.

Taratibu nazo zilikuwepo, zimechapwa kwenye kadi. Kadi ilitungwa na Bwana Mkaguzi wa mkoani, bosi wa mabosi wetu, ikatoka na sahihi yake chini, na Odera akaipigilia msumari ukutani katika nyumba zote kumi na mbili. Ilisema: inua simu, sikiliza, kama kuna watu wanaozungumza, ngoja, laini ikiwa kimya, zungusha. Odera aliongeza moja kwa mdomo. Wawili wakigongana, wote wanyamaze, mwenye simu iliyo karibu na Homa Bay ahesabu hadi kumi, wa mbali ahesabu hadi ishirini, ndipo waanze upya. Yule kijana wa ubao mweupe alitueleza kwamba mashine zake zikigongana hunyamaza na kila moja husubiri muda tofauti. Alitueleza kana kwamba ameota jambo hilo mwenyewe.

Kadi ile ilikuwa na upungufu. Nitafika huko.

Malalamiko yalianza mwaka wangu wa pili Homa Bay. Sauti kwenye laini ya Rangwe ilikuwa inakufa. Si kila wakati: asubuhi nikiijaribu ilikuwa safi, Odera akipanda nguzo yoyote na simu yake ya majaribio aliisikia safi, halafu katikati ya mazungumzo ya mtu ilididimia kama mtu anayeshuka kisimani. Odera alibadilisha vikombe vya kauri. Alifyeka matawi. Alikaza viungo vyote hadi mwisho wa laini. Haikusaidia.

Jambo la pili lilikuwa betri, na hilo ndilo lililoleta balaa. Kila simu ya wakati ule ilikuwa na sanduku la mbao lenye betri mbili kubwa kavu, zilizotoa nguvu ya kubeba sauti. Zilitumika pale tu simu ilipokuwa imeinuliwa. Zilipaswa kumaliza mwaka. Laini ya Rangwe ilizimaliza kwa wiki sita, na kila mara Odera alikwenda na gunia lake kuweka mpya. Sasa betri hizohizo, mtu akiziunganisha vizuri, ziliendesha redio. Redio zilikuwa zinaingia vijijini kwa wingi, na watu wa mkoani, waliokaa kwenye viti vyenye mito, wakajumlisha wanavyojua wao. Barua ikaja: Bwana Mkaguzi anakuja Alhamisi. Odera aeleze betri zinakwenda wapi. Akishindwa, atafukuzwa kazi bila kiinua mgongo na kukabidhiwa polisi kama mwizi.

Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Aliisoma barua mara moja, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati pamoja na kalamu yake, akaendelea kusugua koleo.

Mimi nilijua betri zinakwenda wapi. Kila opereta angejua, kama angekuwa na masikio na akili ya kuyatumia. Simu ikiinuliwa kwenye laini ya pamoja, hedifoni hutoa mlio mdogo, tik. Nikimuunganisha mtu na Mama Dorka, nilisikia tik ya Mama Dorka, kisha nyingine, na nyingine, na kila tik sauti ikashuka kidogo, kwa sababu nguvu iliyotakiwa kwenda kwenye sikio moja sasa inagawanywa kwa masikio manne. Na betri za wale wanaosikiliza zilikuwa zinaliwa muda wote huo. Nilianza kuandika kwenye daftari la shule: siku, saa, mlio uliopigwa, tik ngapi. Baada ya muda niliwajua kwa majina, maana hakuna aliyefikiri kwamba simu husikiliza pande zote mbili. Kuku walikuwa wa Mama Dorka. Injini ilikuwa ya kinu cha posho. Saa ya ukutani iliyogonga ikiwa imechelewa saa nzima ilikuwa ya mwalimu mkuu, ambaye aliwachapa watoto kwa kuchelewa.

Mazungumzo ya kawaida yalivuta masikio mawili au matatu. Mirefu mitatu, mlio wa Katekista Zablon, ulivuta yote kumi na moja.

Sababu yake haihitaji utaalamu. Mtu wa huko akifia hospitali Homa Bay au Kisumu, habari zilipigiwa katekista, naye akazipeleka kwenye boma husika. Kwa hiyo mirefu mitatu ilimaanisha kifo. Na kwetu mtu anaweza kusamehewa kutolipa mahari yote, lakini asiyetokea kwenye matanga akasema hakusikia, huyo atasemwa hadi matanga yake mwenyewe, hasa akiwa ana simu ukutani. Basi mirefu mitatu ikilia, nyumba kumi na moja ziliruka. Wote waliinua ili wasikie nani amekufa, na kwa kuwa wote wameinua, hakuna aliyesikia. Na kwa kuwa hawakusikia, walibana simu kwenye sikio zaidi na kuishikilia muda mrefu zaidi. Nimewahi kuona kuku wakifanya mambo yenye akili kuliko hayo.

Jumatano nilimfuata Odera uani, alikokuwa anafunga ngazi.

"Mzee, kwa nini huwaambii wakubwa?"

"Niwaambie nini, nyathina, mwanangu?"

"Kwamba wanasikiliza. Wote. Nina daftari zima."

"Nani hajui kwamba wanasikiliza?"

"Bwana Mkaguzi hajui!"

Alivuta kamba, akapiga fundo, akalijaribu kwa kidole. "Mvua ikinikuta Rangwe nalala kwa Mama Dorka. Nakula samaki wake. Baiskeli ikipasuka gurudumu, mwalimu ananipa yake. Sasa mimi niandike kwenye karatasi ya serikali kwamba hawa ni wadaku?"

"Bora uandikwe wewe mwizi?"

"Mimi najua si mwizi."

"Na polisi wanajua?"

Nilimwambia huo ni ujinga, na nilikuwa na umri wa binti yake. Hata leo nasema ulikuwa ujinga. Lakini sijakutana na wajinga wengi wa namna ile, na nimekutana na werevu wa kutosha.

Alhamisi Bwana Mkaguzi alishuka kwenye gari akiwa na soksi nyeupe hadi magotini na mwavuli, ingawa hakukuwa na wingu. Aliketi kwenye kiti pekee cha chumba cha swichibodi, nikabaki nimesimama, na Odera akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Odera, betri inakula ugali?"

"Hapana, Bwana."

"Inatembea?"

"Hapana, Bwana."

"Basi mtu anaibeba. Nani anaibeba?"

Odera alitazama kofia yake. Nilimwona anafungua mdomo, nikajua atasema kitu cha kiungwana ambacho kitampeleka jela.

"Bwana Mkaguzi," nilisema, "naomba uvae hedifoni."

Alinitazama kama vile swichibodi yenyewe imesema. "Wewe ni nani?"

"Opereta, Bwana. Dakika tano tu. Kama laini haitakueleza yenyewe, endelea."

Alivaa, nadhani kwa sababu hakuwahi kuvaa na alitaka kujua zikoje. Nilichukua za akiba, nikapiga mrefu na mfupi. Mwenye kinu aliitika, sauti safi, Bwana Mkaguzi akamuuliza hali ya simu yake, akajibiwa nzuri. Tik mbili tu zilisikika. Nilichomoa. Kisha nikapiga mirefu mitatu.

Tik. Hiyo ya katekista. "Halo, Zablon hapa." Tik, tik. Tik. Kisha zikaja kama mvua ya mawe juu ya bati, na sauti ya Zablon ikazama.

"Halo!" Bwana Mkaguzi alipaza sauti. "Sema kwa nguvu! Mimi ni Mkaguzi! Betri yako ikoje?"

Kutoka chini kabisa katekista alisema kitu ambacho hakuna mtu angeweza kukielewa. Kilichosikika vizuri ni kuku aliyekuwa ametaga na anataka dunia ijue. Nyuma ya kuku, injini. Nyuma ya injini saa ya ukutani iligonga tatu, na ilikuwa saa nne.

Bwana Mkaguzi alinigeukia. Nilimnyooshea kidole kwenye kipaza sauti.

"Ni nani yuko kwenye laini hii?" alinguruma.

Hata kuku alinyamaza. Kisha tik, tik, tik, simu sita au saba ziliwekwa chini kwa haraka, na sauti kwenye laini ikapanda hapohapo kama mtu aliyefungua dirisha. Sikupanga jambo hilo. Lilijieleza kuliko daftari langu lote.

Waliobaki walikuwa wale wasiojua woga.

"Hakuna mtu, Bwana," alisema Mama Dorka. "Sisi hatuko."

"Sisi nani?"

"Wengine sijui. Mimi siko."

"Nani amekufa?" aliuliza mwenye kinu.

"Hakuna aliyekufa!"

"Sasa mirefu mitatu ya nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya mwalimu mkuu, ya mtu aliyesumbuliwa akiwa na kazi. "Mnatoa watu darasani bure."

Bwana Mkaguzi alikuwa amesimama, waya wa hedifoni umemvuta shingo. "Nani aliwaruhusu kusikiliza mazungumzo ya mtu mwingine? Nani? Ni huyu Odera?"

"Odera?" Mama Dorka alishangaa kweli. "Odera anatuambia kila siku tuache. Karatasi ndiyo imesema. Inua, sikiliza, kama kuna watu wanazungumza, ngoja. Sisi tunangoja."

"Mnangoja huku mmeinua simu?"

"Karatasi haijasema weka chini. Mwalimu, wewe ndiye unasoma. Iko mahali imesema weka chini?"

Nilimwona mwalimu kwa masikio yangu, anasogea ukutani na miwani yake.

"Haipo," alisema.

"Unaona, Bwana? Tena kuna sahihi hapa chini, ya mtu mkubwa. Mwalimu, soma hiyo sahihi ni ya nani, huyu Bwana amuulize yeye."

Mwalimu alisoma jina, polepole, pamoja na cheo chote. Jina hilo silitaji hapa. Mwenyewe alikuwa amevaa hedifoni zangu.

Alizivua. Alipangusa sikio kwa leso, akakunja karatasi zake, akamuuliza Odera kama barabara ya kurudi ina matope. Odera alisema haina. Akaondoka. Ripoti iliyokuja baada ya wiki tatu ilisema laini ya Rangwe ilikuwa na hitilafu iliyosababishwa na unyevu kwenye vikombe vya nguzo, na kwamba imerekebishwa. Ilikuwa miezi ya kiangazi. Habari za betri hazikutajwa tena, wala neno la kumwomba radhi mtu aliyetaka kumfunga. Baadaye tukatumiwa kadi mpya zenye mstari wa tano: laini ikiwa na watu, weka simu chini. Sahihi ilikuwa ileile, kubwa kidogo.

Nilingoja Odera aniambie asante. Alifunga ngazi kwenye baiskeli.

"Umeharibu," alisema.

"Nimekuokoa na jela!"

"Ndiyo. Lakini sasa wanajua tunawasikia. Wataziba mdomo wa simu kwa kitambaa."

Wakaziba. Tangu wiki hiyo sikumsikia kuku hata mmoja. Tik zilibaki, zikapungua kidogo, na betri zikafika miezi mitatu, jambo ambalo kwa laini ya Rangwe lilikuwa utakatifu. Yule kijana alitueleza kwamba kwenye waya wake mweusi kila mashine husikia ujumbe wa kila mashine, lakini usio na anwani yake huuacha upite. Alisema ni kwa sababu ya itifaki. Nilimuuliza kama itifaki hiyo imewahi kujaribiwa Rangwe. Hakuelewa swali.

Odera alistaafu kwa wakati wake, na kiinua mgongo chake chote. Alirudi kwake, mbele kidogo ya Rangwe, mahali laini ilipoishia, na hakutaka kuwekewa simu. Kabla muongo ule haujakwisha kifua kilimsumbua, akaletwa hospitali Homa Bay, na asubuhi moja muuguzi alikuja mwenyewe kwa miguu hadi ofisini kuniambia.

Nilikaa kitini. Nilichomeka plagi, nikapiga mirefu mitatu.

Tik ya katekista. Kisha nyingine, nikazihesabu zote, kumi na moja. Desturi yangu wakati huo ilikuwa kusema, wengine wote wekeni chini, na waliniogopa kiasi cha kutii. Siku hiyo sikusema. Nilitoa ujumbe wangu.

"Sikusikii, Nyar Migori," Zablon alisema kutoka kisimani. "Sema tena."

Nilijaribu, na sauti yangu nayo haikuwa na nguvu.

"Anasema ni Odera," Mama Dorka alisema. Alikuwa ametoa kitambaa, kuku walisikika.

"Odera gani?" Mwenye kinu.

"Odera wa ngazi. Odera wetu. Zablon, umesikia? Peleka habari kwa mke wake, lakini usiende peke yako, ngoja mwalimu atoke na baiskeli."

"Natoka," alisema mwalimu.

Hakuna hata mmoja aliyeweka simu chini.

Walikuja wote kumi na wawili kwenye maziko, pamoja na watu wao, na mtu fulani alikuwa ameiegemeza ile ngazi ukutani mwa nyumba, imefutwa vumbi. Mama Dorka alinisogelea tulipokuwa tunanawa mikono. Alikuwa amelia, na alikuwa bado na jambo la kusema.

"Nyar Migori, betri yangu imekufa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya habari zake. Nilishikilia simu hadi jioni." Alipangusa mikono kwenye leso. "Sasa nani atakuja kubadilisha?"